Gitaa la Kufunika Sauti

Ndugu yangu Griffins akikuambia kitu kimeisha, ujue kimebaki nusu. Mwaka ule wa 2003 alishawatangazia watu wote kwamba filamu yetu imeisha, na mimi bado nilikuwa nimeinamia kompyuta chumbani kwangu Tottenham, mguu ukigonga sakafu mpaka jirani wa chini akanijibu kwa mpini wa ufagio. Siwezi kutulia nikihariri. Naanza nikiwa nimekaa, nasimama, nazunguka kitanda, narudi, nasogeza picha mbele kidogo, naisogeza nyuma, natukana, naanza upya. Mama alikuwa akipita mlangoni ananiambia, "Zipporah, hiyo mashine itakutoa roho," kisha anaendelea na shughuli zake.

Filamu yenyewe ilikuwa ya kuchekesha. Iliitwa Sufuria Imeenda Wapi, na kisa chake kila Mkenya wa London anakijua kabla hajasimuliwa. Katika watu wetu huwa kuna sufuria moja kubwa, ile ya kupikia pilau ya harusi nzima, ambayo mtu aliibeba kwenye ndege kutoka nyumbani akiwa ameijaza nguo ili asilipie mzigo. Sufuria hiyo ina mwenyewe lakini haikai kwa mwenyewe. Inaazimwa harusi Stratford, kutoka hapo inachukuliwa na watu wa matanga Hayes, na kabla haijaoshwa vizuri kunatokea ubatizo mahali. Ukiiulizia, kila mtu anakuapia kwamba aliirudisha. Basi katika filamu mwenye sufuria anachoka, anavaa koti, anapanda basi na kuanza kuisaka London nyumba kwa nyumba. Kila nyumba anapewa chai na umbea, sufuria hapewi. Mwishowe anaipata, na kwa kuwa hana gari anaitia kichwani na kurudi nayo kwa miguu, barabara ya High Road yote, mbele ya mabasi na watu wanaotoka kununua samaki.

Mwenye sufuria aliigizwa na mama yetu, Peris. Hakuwa mwigizaji. Alikuwa carer, mtunzaji wa kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba yao moja, na hajawahi kuingia sinema tangu tuje nchi hii. Griffins alimchagua kwa sababu hangedai malipo, na kwa sababu sufuria ilikuwa yake kwelikweli. Alimwambia, "Mama, wewe tembea tu." Mama akatembea. Ana mwendo fulani wa mtu aliyechelewa lakini asiyekubali kukimbia, na kamera iliupenda mwendo huo kuliko ilivyompenda mwigizaji yeyote tuliyekuwa naye.

Sasa nije kwenye muziki, maana huko ndiko balaa lilikotoka. Watu wanadhani filamu za wasio na pesa hujaa magitaa ya roki kwa sababu waliozitengeneza ni vijana na vijana wanapenda kelele. Hiyo ni nusu tu. Ni kweli London ya miaka ile kila kijana mwenye suruali ya kubana alikuwa na bendi, na bendi hizo zilikuwa radhi kukupa wimbo bure ili mradi jina lao lipite kwenye skrini. Lakini sababu kubwa ni kwamba gitaa linaficha umaskini. Kamera yetu ilikuwa ya kuazima, na sauti tuliyorekodi ilikuwa aibu tupu. Friji inanguruma, ndege inashuka Heathrow katikati ya neno la mtu, mtoto wa jirani analia. Huwezi kurudia, kwa kuwa aliyeigiza amesharudi kazini kwake. Basi unamwaga gitaa juu. Gitaa zito lenye mikwaruzo linakaa juu ya sauti mbovu kama mchuzi juu ya wali ulioungua, na mlaji anasifu upishi.

Kuna la pili, na hili nililijua baada ya kuhangaika wiki nzima peke yangu. Muziki ndio unaoamua nani anachekwa. Nilichukua kile kipande cha Mama na sufuria kichwani nikakiwekea tarumbeta za mchezo, zile za sarakasi. Mama akawa kikaragosi. Nikaweka piano ya taratibu, akageuka yule mwanamke wa matangazo ya kuichangia Afrika; nilishikwa na hasira nikaifuta kabla haijafika nusu. Halafu nikaweka wimbo wa Kokila. Mama akawa mtu anayekwenda kuuteka mji. Watu wangecheka, ndiyo, lakini wangecheka huku wakimpisha njia.

Kokila tulikuwa tukifanya naye kazi kwenye ghala la vifurushi Hayes. Binti wa Kitamil, mzaliwa wa hapo hapo, akizungumza humsikii, akishika gitaa unatafuta mlango. Wimbo wake huo aliuandika wiki aliyogombana na wazazi wake akaondoka nyumbani. Hauna maneno mengi. Gitaa linaingia ghafla bila kubisha hodi, ngoma inafuata, halafu yeye anapiga kelele mpaka sauti inakatika. Alinipa kwenye CD wakati wa mapumziko, akasema nifanye nitakavyo.

Nilifanya nilivyotaka. Sikukata picha kwanza ndipo nikatafuta wimbo wa kuzivisha. Nilitandika wimbo chini, nikakata picha zifuate ngoma, unyayo wa Mama ukitua pale ngoma inapolia, basi likipita pale gitaa linapopanda. Griffins alipoona alinirukia shingoni. "Zippy, this is it! Hii ndiyo filamu!"

Griffins hakujua jambo moja. Siku ya kupiga picha hizo yeye alikuwa ng'ambo ya barabara na kamera, na Mama alikuwa na kipaza sauti kidogo kwenye kola ya koti. Mimi nilikuwa kazini Hayes. Nilipotia kanda kwenye mashine na kuvaa hedifoni, nilisikia pumzi za Mama, viatu vyake, mabasi. Kisha nikasikia sauti ya mwanamume, kwa Kiingereza, karibu kabisa, isiyo na haraka yoyote, kama mtu anayeuliza saa.

"Rudi kwenu, mwanamke mchafu."

Uso wake hauonekani. Linapita bega la koti la kijani tu. Mama hakusimama wala hakugeuka. Aliinua kidevu kidogo, akaendelea kutembea, maana mwanawe alikuwa hajasema "cut," yaani simama.

Nilivua hedifoni nikaenda jikoni. Mama alikuwa akikatakata sukuma wiki, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya puani. Miezi ilikuwa imepita tangu siku ile na hakuwa amesema neno. Nilisimama pale mlangoni nikifungua na kufunga droo ya vijiko mpaka akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikasema hapana. Nilitaka kumuuliza, nikafunga droo. Nilimwonea huruma na wakati huohuo nilimkasirikia, na sikujua namkasirikia kwa nini.

Basi nikarudi chumbani nikafanya kile ninachokijua. Gitaa la Kokila nililiweka liingie pale pale, juu ya neno la kwanza la yule mtu, kwa sauti ya juu kuliko zote katika filamu. Likammeza. Kidevu cha Mama kikawa kinainuka pamoja na gitaa, kana kwamba ndilo lililomwinua. Ndiyo sehemu nzuri kuliko zote nilizowahi kuhariri, na kila ilipoisha nilizima kioo haraka.

Wakati huo Mama alikuwa amewaambia akina mama wenzake wa kanisani kwamba watoto wake wametengeneza sinema. Na akina mama wetu ukiwaambia jambo, hawaulizi linahusu nini. Wanaunda kamati. Kufumba na kufumbua kulikuwa na mwenyekiti, katibu, wa chai, wa viti na wa usafiri. Mwenyekiti alikuwa Mama Tatiana, mwanamke mwenye sauti ya kufungua milango. Walipata ukumbi wa kanisa, wakamwalika Pastor awe mgeni rasmi, wakapanga sare ya kitenge. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameiona filamu. Griffins alijaribu kuwaeleza kwamba hii ni komedi ya kujitegemea yenye magitaa makali, si video ya harusi. Mama Tatiana alimpigapiga bega akamwambia, "Usijali baba, tutaiombea."

Kabla ya siku hiyo Griffins aliazima chumba cha juu cha baa moja Stratford ili tuwaonyeshe marafiki na kuona wanacheka wapi. Walicheka sana. Walicheka nyumba ya kwanza, walicheka chai ya nyumba ya tatu, Griffins akawa ananifinya mkono kwa furaha. Kisha ukafika mwendo wa Mama. Gitaa liliingia, kidevu kikainuka, na chumba kizima kikalipuka kwa kicheko. Walidhani ni maringo. Walidhani anajivunia sufuria.

Nilitoka nikaenda kusimama kwenye ngazi. Hapo ndipo nilipokiona vizuri nilichokuwa nakifanya. Katika ukumbi wa kanisa Mama angekaa mbele, katikati ya wenzake, naye peke yake angejua gitaa lile limefunika nini. Wangecheka pale pale alipotukanwa, na yeye angelazimika kutabasamu. Sikuweza kulivumilia hilo. Nikiondoa kipande, filamu haina mwisho. Nikikiacha, nimempeleka Mama kuchekwa kwa mkono wangu mwenyewe.

Mlango wa chumba ukafunguka nyuma yangu, akatoka Kokila.

"Wimbo wangu nautoa," akasema.

"Unautoa vipi? Filamu imekatwa kwa kuufuata!"

"Wameucheka, Zipporah. Niliuandika nikiwa nalia kwenye basi, na watu wanaucheka."

"Hawakuucheka wimbo. Wamemcheka—"

Sikutaka kumalizia. Kokila akashuka ngazi bila kuaga. Akina mama walikuwa wameshagawa kadi za mwaliko.

Usiku huo na siku zilizofuata nilijaribu nyimbo nyingine. Anayetaka kujua roki inavyoijenga filamu ndogo na aondoe wimbo mmoja tu aone. Picha zilianza kuchechemea. Unyayo ulitua wakati ngoma imeshapita. Vichekesho vilivyokuja kabla ya mwendo vilikosa mahali pa kwenda, kwa kuwa filamu nzima ilikuwa inapanda kuelekea lile gitaa, na sasa ilikuwa inapanda kuelekea ukuta. Griffins alikuwa ananisimamia mgongoni akila kucha. "Tafuta nyingine. Tafuta yoyote. Weka hata zile tarumbeta." Aliposema tarumbeta nilimtupia mto.

Jumatatu nikaondoka nyumbani mapema kuliko kawaida. Nilipanda treni ya chini ya ardhi, Victoria line, mpaka Oxford Circus, nikabadilisha kwenda Paddington, nikapanda treni ya Hayes, safari yote nimesimama ingawa viti vilikuwepo. Begani nilikuwa na kamera na ile kanda ya siku ya mwendo, ikiwa haijaguswa. Wakati wa mapumziko nilimfuata Kokila nje, kwenye uzio karibu na malori, nikamvisha hedifoni kabla hajakataa.

Alisikiliza. Nilimwona macho yanavyobadilika. Alitazama kioo kidogo cha kamera, akamtazama Mama anavyopita, akavua hedifoni polepole.

"Nani mwingine amesikia hii?"

"Mimi tu."

"Na yeye."

"Na yeye," nikakubali.

Ndege ilikuwa inapita chini sana, tukasubiri. Nilitegemea atanihurumia, anirudishie wimbo wake, nirudi nyumbani nilale. Badala yake alinikasirikia zaidi kuliko siku ya baa.

"Kwa hiyo mimi ni blanketi," akasema. "Mtu anamtukana mama yako, wewe unachukua kelele zangu unamfunika yeye. Unamfunika nani, Zipporah? Huyo mwanamume ndiye unayemsitiri."

"Namsitiri mama yangu!"

"Umemuuliza kama anataka kusitiriwa?"

Nikapiga teke uzio. Akaniambia sharti lake. Wimbo atanirudishia, lakini gitaa lisiguse sauti ya yule mtu. Asikike, neno kwa neno. Baada yake kuwe kimya, Mama aendelee kutembea bila muziki wowote mpaka apite duka la samaki, ndipo gitaa liingie. "Nikiingia hapo," akasema, "nitakuwa naimba upande wake. Nikiingia pale ulipoweka wewe, naimba upande wa yule."

Nilimwambia Griffins Jumapili, baada ya kanisa, sebuleni. Nilimwambia yote mawili pamoja, tusi na sharti, kwa pupa, kwa sababu siwezi kusema jambo baya taratibu. Akaanza kupiga kelele, na alichokipigia kelele ni ukimya.

"Kimya? Kwenye komedi? Zippy, komedi ikinyamaza imekufa! Tukiwapa watu tusi halafu kimya, hawacheki tena mpaka waende home!"

"Basi wasicheke!"

"Sasa tumetengeneza nini? Matanga?"

"Na wewe ulikuwa unatengeneza nini ulipokuwa ng'ambo ya barabara na hukuona?"

Hilo lilimchoma, nikaona limemchoma, na sikulirudisha. Mama akatokea jikoni na mwiko mkononi, bado amevaa nguo za kanisani na kitambaa kichwani.

"Ninyi mnapigania nini siku ya Bwana?"

Nilienda chumbani nikaleta kamera. Nikashindwa hata kuchomeka waya mpaka Griffins akanisaidia. Nikamvalisha Mama hedifoni juu ya kitambaa chake, nikabonyeza.

Alisikiliza amesimama. Uso haukubadilika. Akaniashiria kwa mwiko nirudishe nyuma, nikarudisha, akasikiliza tena.

"Alikuwa na mbwa mdogo," akasema. "Nilimwona mbwa kwanza."

Griffins alikuwa amekaa sakafuni, mikono kichwani. "Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Ungemfukuza na kamera ya wenyewe mkononi?"

"Ningesimamisha!"

"Ndiyo. Na ningerudia kutembea tena, na sufuria ni nzito." Alivua hedifoni akanikabidhi. "Hii kamati wataona?"

"Wataona, Mama," nikasema. "Na Pastor. Lakini naweza kukitoa kipande chote. Filamu iishe pale unapoipata sufuria. Hakuna atakayejua."

Akanitazama kama aliyeambiwa upuuzi. "Na sufuria itafika nyumbani namna gani? Itaruka?"

"Mama, watakusikia ukitukanwa. Mbele ya watu wote."

Nilitamani aniambie nikitoe. Nilikuwa tayari kuifuta filamu nzima wakati ule, kazi ya mwaka mzima, nisimwone amesimama vile na mwiko wake.

"Wacha aongee," akasema, kisha akarudi jikoni, maana wali ulikuwa unaungua.

Hakueleza zaidi, na mimi sikuelewa. Wiki ile nilihariri nikiwa na roho juu. Kila kitu kilibidi kikatwe upya, kwa kuwa wimbo ukisogezwa kidogo tu hakuna unyayo unaobaki mahali pake. Nilimpa yule mtu nafasi yake, nikaweka ukimya wake, nikasogeza gitaa mpaka duka la samaki. Nilipotazama, ukimya ulikuwa mrefu mno. Nikaufupisha, nikajiona mwoga, nikaurefusha. Griffins alikuja akatazama akiwa nyuma ya mgongo wangu, akatoka, akarudi na chai.

Siku ikafika. Filamu yetu ilitanguliwa na sala, utambulisho wa kamati, salamu kutoka kwa akina mama wa Hayes, neno la mgeni rasmi, na neno lingine la kumshukuru mgeni rasmi kwa neno lake. Mimi nilikuwa nyuma karibu na projekta, nimesimama, nabadilisha mguu huu na huu. Kokila alikuwa kando yangu. Alikuwa mgeni pekee asiye wetu, kwa hiyo alishapewa chapati na kila aliyepita. Mama alikuwa safu ya mbele katika kitenge chake cha sare, mke wa Pastor kulia kwake, Mama Tatiana kushoto.

Taa zikazimwa. Akina mama walianza kucheka mapema kuliko watu wa baa, na walicheka kwa kina, kwa sababu kila nyumba waliijua. "Huyo ni mimi kabisa!" mmoja akapiga kelele. Magitaa ya sehemu za mwanzo hayakumtisha mtu. Pastor mwenyewe nilimwona anatikisa goti. Griffins alinigeukia kutoka pembeni akatabasamu. Mimi sikuweza kutabasamu. Nilikuwa nimeushika mkono wa Kokila bila kujua.

Mama akatokea kwenye skrini na sufuria kichwani. Ukumbi ukapiga vigelegele. Akapita kituo cha basi, akapita kinyozi. Hakukuwa na muziki, viatu tu na pumzi. Kisha bega la kijani likaingia kwenye picha, na sauti ile ikajaa kanisa lote kutoka kwenye spika za kwaya.

"Rudi kwenu, mwanamke mchafu."

Vigelegele vilikatika. Mtu aliyekuwa anacheka akasikika anaacha. Kwenye skrini Mama aliendelea kutembea, na ukimya nilioupima na kuukata na kuurefusha ulikuwa sasa mkubwa kuliko nilivyoweza kuustahimili. Niliona kichwa cha mke wa Pastor kikiinama. Nilitaka kuzima mashine. Naapa mkono wangu ulishafika kwenye swichi.

Mama aliinuka kwenye kiti chake cha mbele. Kivuli chake kikapanda kwenye skrini, juu ya miguu yake mwenyewe inayotembea. Aliwageukia watu, kama anavyofanya anapotoa ushuhuda.

"Siku ile sikuweza kugeuka," akasema. "Nilikuwa na sufuria kichwani. Ningegeuka ingeanguka."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengine, kicheko kifupi chenye machozi ndani. Mama hakucheka. Aliigeukia skrini, akanyoosha kidole pale yule mtu alipokuwa amepita, akamsemesha kwa Kiingereza chake cha kazini, polepole na kwa sauti, kama anavyosema na mzee asiyesikia vizuri.

"Mimi mchafu? Mama yako, au mama wa mwenzako, namwogesha mimi. Kila asubuhi. Nampaka mafuta mgongoni, namchana nywele. Na kila asubuhi ananiuliza utakuja lini."

Akakaa. Mama Tatiana ndiye aliyesimama wa kwanza, na wengine wote wakasimama nyuma yake. Gitaa likaingia mbele ya duka la samaki, pale pale nilipoliweka, na kwa kelele za wale akina mama hakuna aliyelisikia, hata Kokila mwenyewe.